Pua ya Mama Labo

Nilimjua Mama Labo kwa miaka mingi na sikuwahi kumuuliza alizaliwa wapi. Watu wa Kasongo hupenda kuanza na ukoo: huyu ni wa nani, babu yake alitoka upande gani wa mto. Mimi ni fundi wa frigo, yaani majokofu. Mashine ikiletwa kwangu siulizi ilizaliwa wapi, nauliza inaumwa nini. Kwa hiyo nitaanza na siku aliposimama mlangoni pa karakana yangu, karibu na soko, mfuko begani, viatu vya mpira vimejaa vumbi jekundu, akakunja uso.

"Fundi, hii konjelateri ni ya nani?"

Nilimwambia ile friza ni ya mteja, imekuja kubadilishwa kompresa.

"Walikuwa wanaweka samaki mule. Halafu wakasafisha na ndimu, wakafikiri wamemaliza. Hawajamaliza."

Kifuniko kilikuwa kimefungwa, naye alikuwa bado barabarani. Jioni mwenye mashine alipokuja nilimuuliza, akacheka kwa haya: ndiyo, mke wake alikuwa akiuza samaki wa Lualaba, na ndimu walikuwa wamezinunua asubuhi ileile ya kuileta. Tangu hapo nilimwogopa kidogo yule mama. Kumpenda kulikuja baadaye, na hakukuondoa woga.

Jina lake la mtaani lilitokana na kazi yake. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa mwonjaji katika laboratwari ya kiwanda cha bia, katika mji wa mbali. Kila asubuhi, kabla hajala kitu, aliingia katika chumba kidogo cheupe, akaketi chini ya taa nyekundu ili rangi ya bia isimdanganye, akapewa glasi. Kazi ilipokwisha alikuja huku kwetu, na watu waliposikia neno laboratwari wakaona ni refu, wakalikata.

"Kazi yangu ilikuwa moja tu," alinieleza. "Bia ya leo ifanane na ya jana. Mutu akinywa ku Kindu, akinywa ku Bukavu, asisikie tofauti. Nikisikia tofauti, tanki inamwagwa. Iwe ya mukubwa, iwe ya nani, inamwagwa."

Alilisema hilo kwa fahari. Mkurugenzi mwenyewe, alisema, alikuwa akisimama nje ya mlango wa chumba kile akingoja kichwa chake kiashirie ndiyo au hapana.

Sasa ajabu ni hii: mwanamke aliyelinda jana isibadilike hakuweza kukaa mahali pamoja. Alikuwa na chumba Kasongo, nyuma ya shule ya misheni, lakini kukiita nyumbani kwake ni kukipa heshima isiyo yake. Aliinjika maharage, akasikia pikipiki inakohoa kuelekea Kabambare, akaacha sufuria kwa jirani na kuondoka. Majirani walikuwa wameshazoea kula maharage yake, na wengine, nadhani, walikuwa wakiwaomba madereva wapite pale saa ya mapishi. Utamsikia yuko Lusangi, kesho Wamaza, keshokutwa yuko tena sokoni ananusa mawese ya watu na kuwaambia yapi yamechanganywa, ya mwaka jana na ya mwaka huu.

Vijana wa pikipiki walimtania. "Mama Labo, chema chajiuza, kibaya chajitembeza! Na wewe unatembea sana!"

"Na hii pikipiki yako," aliwajibu, "inajiuza? Washa, tuende."

Siku moja nilimuuliza ana haraka ya nini. Tulikuwa kwangu, yeye amesimama huku akila, maana hata chakula alikula akizunguka uani na sahani mkononi. Alisema kile kiti cha laboratwari alikikalia mpaka akajua kila msumari wake. "Nilikaa sana, Fundi. Watu wananiona natembea, wanasema ana wazimu. Wazimu ulikuwa ule wa kukaa." Kisha akanirudishia sahani na kuniuliza kama namfahamu mtu anayekwenda Wamaza.

Huko Wamaza ndiko alikofia, msimu wa mvua uliopita, kwa homa. Walioniletea habari walisema mfuko wake ulikuwa umeshafungwa, uko mlangoni. Nililia, halafu nikacheka, halafu nikalia tena.

Kanuni zake zilikuwa nyingi na zilitusumbua wote. Hakutumia marashi wala sabuni ya harufu. Pilipili hakuigusa kabla ya jua kugeuka. Kanisani alikuwa akihama benchi katikati ya misa kwa sababu ya pafe, marashi ya mtu, na siku moja alihama mara nyingi hivi kwamba padri aliacha kusoma, akamngoja. Lakini kwaya haikumfukuza, kwa kuwa sauti yake ya pili ilikuwa nzuri, na kwa kuwa nusu ya waimbaji walimpelekea vitu vya nyumbani mwao avinuse. Hata watu wa msikitini walikuja. Asali ya kuuza huwa inachemshwa na sukari, na wao hawakutaka asali ya namna hiyo nyumbani mwao wakati wa mfungo. Alichovya kidole, akafumba macho, akasema ndiyo au hapana. Hakutaka malipo. Aliuliza tu kama mtu ana baiskeli na anaelekea wapi.

Kuhusu bia alikuwa na semi zake, na alizirudia hadi tukazijua kwa moyo. "Povu ni nguo ya kuazima." "Baridi inaficha makosa." Kwa sababu hiyo ya pili, ukimpa bia ya baridi aliishika kwa viganja viwili mpaka ipate joto, na wenye baa wakaudhika, kwani sisi wote tulitafuta baridi kwa jasho na yeye aliifukuza. Watu wanaofikiri mwonjaji hutema walimshangaza. "Divai inatemwa. Bia haitemwi. Uchungu wake unakaa huku nyuma," alisema akigusa koo. "Ukitema, umeonja nusu."

Na alikuwa na orodha ya makosa, aliyoitaja kama wengine wanavyotaja watakatifu: siagi, mahindi ya kuchemsha, karatasi iliyolowa, yai bovu, kicheche. Kila kosa lilikuwa na sababu yake, na sababu ilikuwa na mwenyewe. Hakuna bia iliyoharibika yenyewe.

Lakini pua hiyohiyo iliwahi kumtia matatani, na nilikuwapo. Nilikwenda Wamaza kutengeneza frigo ya chanjo, nikamkuta kwenye kumaliza matanga ya familia moja. Pombe ya ndizi ilikuwa imeletwa kibuyuni. Kwetu, anayekupa pombe hunywa kwanza yeye, funda moja, mbele ya macho yako. Tunaita kutosha sumu, yaani kuitoa. Hakuna anayefikiri kweli kuna sumu, ni heshima tu, lakini ole wako usiifanye. Mzee wa nyumba akainua kibuyu mdomoni, na Mama Labo, ambaye alikuwa ameombwa aonje, akamshika mkono.

"Baba, usinywe kwanza."

Alichotaka kusema ni kwamba mzee alikuwa amevuta tumbaku, na midomo yake ingeacha harufu kwenye kibuyu. Ndivyo walivyofanya laboratwari: mtengenezaji haonji kabla ya mwonjaji. Ila waliokuwa pale walisikia kitu kingine kabisa. Walisikia mwanamke ambaye pua yake inajua kila kitu akimwokoa mzee na kilichomo. Mama mmoja akamvuta mtoto wake nyuma. Mzee mwenyewe alikishusha kibuyu, si kwa kuogopa sumu, bali kwa kuogopa kuitwa mwenye sumu, mbele ya wakwe, siku ya matanga ya mdogo wake. Mashina mawili ya ukoo yalianza kutazamana vibaya, na mimi nilikuwa natafuta kwa macho njia ya kufikia pikipiki.

Mama Labo alitazama huku na huku, akaelewa. Alichukua kibuyu kwa mikono miwili akakinywa. Hakuonja, alikinywa chote bila kupumua, tukaona koo lake likipanda na kushuka. Akakirudisha chini kitupu, akajifuta, akatangaza kwa sauti ya kwaya:

"Moshi kidogo. Ndizi moja haikuiva muzuri. Sumu haiko!"

Walicheka mpaka wakakaa chini. Mzee alimkumbatia. Tuliporudi aliimba nyimbo za kanisa nyuma ya pikipiki njia nzima, akimwambia dereva kila mara kwamba mafuta yake yana maji. Yalikuwa na maji kweli, tulisukuma mpaka giza likakaribia.

Nimefika sasa kwenye bia yangu, na hapa sina utulivu wa kusimulia vizuri.

Kazi ya frigo ilikuwa imepungua. Mkubwa wangu, yaani kaka yangu, alikuwa machimboni Lusangi, kwenye dhahabu, na kila aliyetoka huko aliniletea ujumbe uleule: njoo, mashimo yanahitaji watu wenye akili ya pampu. Nami nilikuwa tayari kwenda. Aliyekataa ni mke wangu. Kaka yake mwenyewe alifukiwa na shimo la namna hiyo huko Kabambare, na hawakupata hata mwili wa kuzika. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Tafuta kingine. Ukikosa kabisa, utaenda. Lakini hapana kuniambia nikusindikize."

Kingine nilikuwa nimekiona Goma, nilipokwenda kutengeneza chumba cha baridi cha vijana wanaopika bia yao kidogokidogo, ile nyeupe, nyepesi, inayochachuka polepole kwenye ubaridi. Nikafikiri: baridi ndiyo kazi yangu. Mchele wa kuchanganya, wa hapa Kasongo, upo. Walinipa shayiri iliyooteshwa, hamira, na mfuko wa ubulo, yale maua makavu ya kijani yanayotia bia uchungu na harufu. Nikafunga plaka za jua, zile paneli za umeme, juu ya bati, nikaigeuza konjelateri moja kuwa chumba cha kuchachushia. Mtaa mzima ulinicheka. Nikajiambia: Mama Labo akisema bia hii inaweza kutoka, yaani kuuzwa, hakuna baa Kasongo itakayoikataa, na mke wangu atalala usingizi. Akisema haitoki, naenda Lusangi. Nilimwambia mke wangu hivyo, akakubali. Kwa hiyo tulikuwa tumeweka nyumba yetu yote juu ya pua ya mtu asiyetulia.

Ya kwanza nilimpa baridi kama barafu. Aliishika viganjani, akazunguka nayo uani, akanusa.

"Siagi," alisema.

"Hata kidogo, mama?"

"Hakuna siagi kidogo. Uliiharakisha. Mwishoni ulipaswa kuiacha ipate joto kidogo, ile hamira ikule siagi yake yenyewe. Wewe ukaogopa joto. Haitoki."

Niliimwaga nyuma ya nyumba. Kuku waliokunywa walilala mchana kutwa, na jirani akaja kunishtaki.

Ya pili niliifanya kwa makini, nikaipa joto lake, haikuwa na siagi. Nilijivuna. Niliitia kwenye chupa nyeupe za pombe kali ya jini, nzuri, zinang'aa, nikazipanga mlangoni juani ili wapita njia wazione. Alifungua moja, akairudisha mezani bila kuinusa mara ya pili.

"Kicheche. Ulishaona kicheche akikasirika? Ndiye huyu. Ubulo na jua ni maadui. Chupa zako zinapitisha jua sawa dirisha." Aliona uso wangu akapunguza sauti. "Ndani ilikuwa muzuri, Fundi. Uliiua mlangoni, kwa majivuno."

Mke wangu alianza kufua nguo zangu za safari na kuzianika, moja moja, mahali ambapo ningeziona.

Shayiri ilikuwa imebaki ya kupika mara moja tu. Nilikuwa silali vizuri. Nilikuwa nikiamka alfajiri kugusa kifuniko cha konjelateri kama mtu anayegusa paji la uso la mgonjwa. Bia ilichachuka vizuri, ikapewa joto, ikarudi kwenye baridi. Nilionja, nikaitafuta siagi, haikuwepo, nikaitafuta karatasi, haikuwepo. Ilikuwa safi. Na haikuwa na kitu. Ilikuwa kama bia zote za kiwanda, ila haina jina lao wala lebo yao. Nani angeacha ile anayoijua ainywe hii?

Nikakumbuka walichofanya wale vijana wa Goma. Wao hawakupika ubulo wote jikoni. Sehemu waliitunza, bia ikishakuwa baridi na imemaliza kuchachuka, wakautumbukiza humo mkavu, katika mfuko wa kitambaa, siku chache, wakautoa. Usipochemshwa hauongezi uchungu sana, unatoa harufu tu. Niliwahi kumwambia Mama Labo habari hiyo, akakasirika. "Ubulo unapikwa. Hautupwi baridi sawa majani ya sombe yenye haijatwangwa. Ni uchafu. Usijaribu!" Sasa alikuwa Wamaza. Nilichemsha kitambaa, nikakiwekea ubulo wote uliobaki, nikautumbukiza. Kisha nikahangaika. Vijana walisema ukiuacha mno bia itanuka nyasi. Nikawa nafungua, nanusa, nafunga, naogopa hewa iliyoingia, nafungua tena kuona kama hewa imeiharibu. Mke wangu alinipokonya ufunguo.

Ujumbe wa kaka ulifika Ijumaa: Jumamosi kuna pikipiki inakwenda Lusangi, kiti kimoja kiko wazi. Na Jumamosi hiyo asubuhi, kabla ya hiyo pikipiki, ikaja nyingine kutoka Wamaza, na Mama Labo akashuka, mwekundu kwa vumbi toka kichwani hadi miguuni, akadai maji ya kunawa uso na ya kusukutua.

"Wameniambia umepika," alisema.

Mke wangu alikuwa nje, chini ya ukingo wa bati, anapepeta mchele. Mzigo wangu ulikuwa kando yake. Nilimimina glasi kwa pupa, povu likamwagika. Sikumwambia chochote juu ya ubulo.

Aliishika viganjani. Akaifunika, akaizungusha, akainusa. Akasimama. Nasema akasimama, maana miguu yake iliacha kwenda, na mimi sikuwahi kuona hilo. Akanusa tena. Akanywa funda, akalishusha, akafumba macho. Kisha akatoka na glasi, akapita mbele ya mke wangu bila kumtazama, akazunguka nyumba yote, akaingia tena.

"Umetupa ubulo baridi."

"Ndiyo, mama."

"Nilikukataza."

"Ndiyo."

Alianza kuhesabu kwa vidole. "Siagi, haiko. Mahindi, haiko. Karatasi, haiko. Yai, haiko. Kicheche, haiko. Nyasi nilizitafuta sana, haziko." Akashusha mkono. "Kosa haiko."

Nilianza kutabasamu.

"Usicheke, sijamaliza. Kosa haiko, lakini bia yenye ninajua, hii si yeye. Inasikilika maganda ya chungwa. Halafu mchaichai. Halafu huku nyuma kuko kitu kingine..." Alitafuta neno. Mwanamke aliyejua samaki aliyeoshwa kwa ndimu alikuwa hana neno, na niliona hilo likimtisha.

"Sasa inatoka ao haitoki?" niliuliza.

"Sijui."

Nilidhani sikusikia.

"Sijui, Fundi. Mara ya kwanza nasema hivi juu ya bia. Sijui." Aliweka glasi mezani, akaenda mlangoni, akarudi. "Ku kiwanda kulikuwa kijana mumoja, mupishi mupya. Siku moja tanki yake ikaniletea harufu ya maua. Kosa halikuwako, sawa hapa. Yule kijana akaniomba: mama, onja mara ya pili. Nikamwambia haifanani na ya jana. Wakafungua, ikatiririka mu mutaro, mimi nikaenda kula. Ilikuwa nzuri? Hata sikujiuliza. Kazi yangu haikuwa kujiuliza." Macho yake yalijaa, akayapangusa kwa ncha ya kitenge, kwa hasira, kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Nimemwaga bia nyingi mu maisha yangu. Ngapi zilikuwa sawa hii?"

Nasema kweli, sikumhurumia. Nilikasirika. Alikuwa ameketi, yeye na taa yake nyekundu, katikati ya maisha yangu kwa mwaka mzima, na siku ninayomhitaji analia juu ya tanki la zamani.

"Mama, mi nangojea neno moja tu. Bibi yangu iko inje, anangojea neno lile lile. Pikipiki ya Lusangi iko njiani."

"Neno lenye unataka ni la ku kiwanda," alisema. "Kule nilikuwa najua jana. Hii bia yako iko na jana gani? Mutu mwenye kuijua zaidi yako hayuko, hata mimi. Haya, wewe. Unaisikia namna gani?"

Akanisukumia glasi.

Niliitazama. Nilikuwa nimeonja bia ile alfajiri baada ya alfajiri, lakini kila nilipoionja nilionja kwa pua yake: natafuta siagi yake, karatasi yake, kicheche wake. Sikuwahi kuuliza swali lingine. Niliinua glasi, ya moto kidogo kwa viganja vyake, nikanywa. Ukaja ule mchele wetu, utamu wake mdogo. Likaja lile ganda la chungwa, kali, bichi, likapanda mpaka puani. Uchungu ukafika nyuma kwenye koo, ukakaa kidogo, ukaondoka. Na ulipoondoka nilitaka funda jingine. Hilo ndilo nililolisikia kuliko yote: nilitaka jingine.

"Ni nzuri," nilisema.

"Mbona unasema polepole sawa mwizi?"

"Ni nzuri!"

Nje, mchele ulikoma kupepetwa. Mke wangu alitokea mlangoni, ungo mkononi, pumba kwenye nywele, akamtazama Mama Labo usoni kama sisi sote tulivyozoea kumtazama.

"Usiniangalie mi," Mama Labo alimwambia. "Muulize bwana yako."

Mke wangu akanigeukia. Barabarani pikipiki ilipiga honi, ikapiga tena.

"Unaenda ao unabaki?"

"Ninabaki," nilisema.